Uzi wa karboni hauyeyushwi: mhadhara kwa wanafunzi wa metalurjia, Lubumbashi

Waliokuwapo mwaka jana wanivumilie, maana naona ugonjwa wa watu wa shaba bado mnao: kila kitu mnataka kukiyeyusha. Uzi wa karboni, ule mwembamba mweusi wa kuimarishia sehemu za ndege na satelaiti, hauyeyushwi!

Unaanza ukiwa poliakrilonitrili, aina ya plastiki, mweupe kama uzi wa sweta. Tanuru ya kwanza ni digrii 200 hadi 300, tena penye hewa, kwa makusudi, huku uzi umevutwa usisinyae. Unageuka manjano, kahawia, mwisho mweusi. Molekuli zinafungana pete kwa pete, ili huko mbele zisiyeyuke. Na hapa ndipo ninapogombana na watu kila siku: uzi wenyewe unatoa joto. Hewa inayopita tanuruni inaleta oksijeni, lakini pia inaliondoa joto hilo. Sasa umeme ukatike, mnavyoujua umeme wetu, feni zisimame: kilichomo ndani kinaweza kuwaka chenyewe. Mwenye haraka naye anapandisha joto upesi, nyuzi zinagandana. Kasoro hiyo hakuna tanuru ya mbele itakayoifuta. Ndiyo maana kazi hii inakula saa nzima au zaidi, na mwenye kiwanda anasaga meno.

Tanuru ya pili ni ndani ya naitrojeni, digrii 1000 hadi 1500. Mchoma makala wa njia ya Kasenga anafunika kuni kwa udongo kwa sababu hiyohiyo: hewa ikiingia, anabaki na majivu. Mtaniambia, mwalimu, mbona makala yanavunjika kwa vidole? Kwa sababu kuni hakuna aliyezivuta. Katika uzi, tabaka za karboni zimelala kuufuata urefu wake.

Halafu lile swali lenu: tukizidisha joto, si utazidi kuwa imara? Hapana! Nguvu ya kustahimili mvuto hufika kilele karibu na digrii 1500, kisha hushuka. Kinachoendelea kupanda, hata kupita digrii 2000, ni ukakamavu, yaani kukataa kurefuka. T300, uzi wa kampuni ya Toray ya Japani, ina ukakamavu wa gigapaskali 230 na nguvu ya gigapaskali 3.5; M40 yao, iliyopikwa zaidi, ina ukakamavu kama 390, lakini nguvu 2.7 tu. Wa satelaiti, anayetaka ukakamavu, atachukua M40. Wa mitungi ya gesi, anayehitaji nguvu, akiichukua, mimi sisimami karibu.

Naonyeshwa saa. Resini, yaani gundi inayozishika nyuzi pamoja, basi, kwa mbio: epoksi nyingi za ndege huivishwa kwa digrii 120 hadi 180, na joto likizidi kiwango chake italegea wakati uzi haujahisi kitu. Uzi nao, penye hewa, kuanzia digrii 400 na kitu unaliwa polepole. Maswali.