Kupiga Picha ya Kutu na Rangi Iliyobanduka: Tujaribu Kisumu

Hamjambo watazamaji. Niko Kisumu mjini, Barabara ya Oginga Odinga, saa mbili asubuhi. Tunapiga picha ya mlango huu wa chuma wa duka kuukuu. Si mlango mzima, ni hapa tu, upana wa kiganja changu, ambapo rangi ya buluu imebanduka na kutu ikachungulia.

Kabla ya chochote, msalimie mwenye duka na umwombe ruhusa. Ukishapiga, mwonyeshe. Kisha futa lenzi ya simu kwa kitambaa laini, maana alama ya kidole hufifisha kila kitu.

Sasa mwanga, na hapa nawaomba tukae kidogo. Jua likiupiga ukuta uso kwa uso, ukuta unaonekana bapa. Likiuparuza kwa ubavu, kila ganda la rangi linatupa kivuli chake. Sisi huku tuko karibu sana na ikweta, kwa hivyo asubuhi tafuta ukuta unaotazama kaskazini au kusini. Mwezi Juni jua huelemea kaskazini, basi ukuta wa kaskazini ndio hupata mwanga huo. Desemba ni zamu ya wa kusini. Watu huambiwa wasipige picha saa sita mchana. Kwa kuta mimi sikubaliani. Jua likiwa juu, mwanga unateremka ukutani na kuamsha kila ufa, mradi paa lisiutie kivuli.

Haya, sogea. Usivute kwa zumu. Songa wewe mwenyewe. Simu nyingi hushindwa kuona vizuri zikikaribia chini ya sentimita 10 hivi, kwa hivyo ukiona ukungu rudi nyuma kidogo, utakata kingo baadaye. Shika simu sambamba na mlango. Ikiinama, upande mmoja utafifia. Gusa skrini penye ukingo wa ganda, shikilia mpaka fokasi ijifunge, halafu telezesha kidole chini kupunguza mwanga. Mmeona kutu ilivyokolea?

Kazi ngumu ni kuondoa vitu ndani ya fremu ya picha. Kitasa, toa. Msumari, toa. Herufi za bango la zamani pia, kwa sababu jicho likikuta neno linaacha kutazama na kuanza kusoma. Nikisogea hivi, buluu inabaki kama ziwa na kutu kama ufuo wake.

Mpiga picha Mmarekani Aaron Siskind, aliyefariki mwaka 1991, alipiga picha za kuta za namna hii kwa miaka mingi, kwa nyeusi na nyeupe. Nami kila picha huiondoa rangi kwanza niijaribu. Tazameni: ile ya kwanza imekufa, ilibebwa na buluu tu. Hii ya pili bado imesimama, kwa sababu ya ufa huu unaokata kona hadi kona.

Naihifadhi hii. Sasa tushuke Dunga, kando ya Ziwa Victoria, tukatafute mtumbwi uliopinduliwa ufukweni kabla jua halijapanda.