Kengele inalia, Mwingereza anasema "went off"

REHEMA: Karibuni tena kwenye kipindi. Leo tunaanza na ujumbe wa sauti wa msikilizaji wetu anayekaa mapokezi kwenye hoteli moja huko Zanzibar. Anasema mgeni alimpigia simu usiku wa manane, akamwambia, "The fire alarm went off." Yeye akajibu, "Thank you, sir." Kwake "off" ni kuzima, kwa hiyo kengele imezimika, kazi iendelee.

KIBWANA: Na huko juu watu wanashuka ngazi na mashuka mwilini!

REHEMA: Bahati nzuri ulikuwa mkate umeungua tu. Lakini swali lake ni la haki kabisa, kaka. "The lights went off", taa zimezimika. "The alarm went off", kengele imelia. "The milk went off", maziwa yameharibika. Neno ni lilelile. Sasa mtu ashike lipi?

KIBWANA: Mimi "off" huwa naichukua kama kuachana, kitu kutoka pale kilipokuwa. Bunduki ndiyo ilitangulia: "the gun went off", yaani risasi imefyatuka. Kengele nayo ilikuwa imetegwa, ikafyatuka. Ukisema "imefyatuka" badala ya "imelia", unaona mantiki yake mara moja. Taa zimeachana na umeme.

REHEMA: Na maziwa?

KIBWANA: Maziwa... yameachana na uzima wake. Hapo nalazimisha kidogo, dada, usinibane.

REHEMA: Angalau hauko peke yako. Samuel Johnson, yule aliyetunga kamusi maarufu ya Kiingereza ya mwaka 1755, aliandika kwenye dibaji yake kwamba kitenzi kufuatwa na kineno kidogo ndiko kunakowatesa wageni zaidi. Mwenye lugha mwenyewe alikuwa ameshaliona tatizo.

KIBWANA: Na wageni wa shuleni kwetu wanateswa kwa namna yao. Tanzania mtoto anasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akifika kidato cha kwanza masomo yanageuka Kiingereza, tena Kiingereza cha vitabu. Kwa hiyo anaijua "postpone" kabla ya "put off", anaijua "tolerate" kabla ya "put up with". Maneno hayo mazito asili yake ni Kilatini, mengi yakipitia Kifaransa. Ukiyatumia mtaani London utaeleweka vizuri tu. Shida ni kusikia. Wao kwa wao hawasemi "extinguish", wanasema "put it out", na wewe unabaki unajiuliza ni kitu gani kinawekwa nje.

REHEMA: Hapo ndipo ninapotaka kubishana na watu wanaosema sisi hatuna kitu cha namna hii. Tunacho, ila kimekaa kwingine. Chukua "hama" na "hamia". "Nimehama Tandale" na "nimehamia Tandale" ni safari mbili zinazopishana barabarani! Irabu moja tu imeigeuza. Mwingereza kazi hiyo anaifanya na vineno vya pembeni: "moved out of", "moved to". Ni ile kauli ya kutendea tuliyochoshwa nayo darasani: pika, pikia, kimbia, kimbilia, tupa, tupia.

KIBWANA: Hiyo "tupia" nayo ina mtihani wake. Mtupie mpira, mtupie jiwe, sisi kitenzi hakibadiliki. Kitu chenyewe ndicho kinachokuambia nia. Mwingereza ana "throw it to him", ili adake, na "throw it at him", ili impate. "Shout to me" na "shout at me" hivyohivyo: ya kwanza unaniita kutoka mbali, ya pili unanigombeza. Mtu akichanganya hizo mbili ofisini, kesho anaitwa kwa meneja.

REHEMA: Sasa ona matokeo yake. Sisi sikio letu limezoea kusikiliza ndani ya kitenzi. Kineno kilichoning'inia nje tunakiona cha ziada, tunakiacha. Ndiyo maana Nairobi, Kampala, hata hapa Dar, utasikia, "I called but you didn't pick." Hukupokea, basi. Kwa Kiingereza cha Uingereza ni "pick up". Na ukimwambia mgeni "pick me at the stage", yaani nichukue kituoni, anaweza kudhani unaomba uchaguliwe, kama kwenye timu ya mpira.

KIBWANA: Lakini kuna kwingine tunaongeza. "Discuss about", "cope up with", "emphasize on". Hizo nazo utasema ni Kiswahili?

REHEMA: Hapana, usikisingizie Kiswahili! Sisi tunasema "tujadili bajeti", hakuna "kuhusu" hapo. Tena hizo utazisikia India na Nigeria pia, na Wahindi hawakujifunza kwetu. Ni Kiingereza chenyewe kinachomtega mtu. Una "talk about", una "speak about", kwa nini "discuss" iachwe peke yake? Una "keep up with", "catch up with", "put up with", halafu "cope with" inakuja bila "up". Mwanafunzi aliyesema "cope up with" ameusoma mpangilio vizuri, ila lugha haikufuata mpangilio wake. Mimi nikisahihisha daftari kosa hilo siliwekei wino mwekundu mkali.

KIBWANA: Mimi nina dawa moja ninayowapa vijana wangu wanaosomea kazi ya kuongoza watalii. Acheni ile orodha ya "put" na ndugu zake ishirini na maana pembeni. Chukua sentensi nzima, halafu weka "it" ndani yake uone inakaa wapi. "Turn it off", katikati. "Turn off it" haipo. Lakini "look after it", huwezi kusema "look it after". Ukishaisema kwa mdomo mara kadhaa, nafasi ya "it" inakaa yenyewe.

REHEMA: Na shadda pia. "Turn it OFF", uzito uko kwenye kineno. "LOOK at it", uzito uko kwenye kitenzi, "at" inapita kimyakimya.

KIBWANA: Ndiyo. Na ule mfano wa walimu wa sarufi: "run up a hill" na "run up a bill". Kilima unakipanda mbio. Bili hupandi, unailimbikiza, kama deni la duka la mtaani. Kwenye kilima unaweza kuanza sentensi na "up the hill" ukaeleweka. Kwenye bili huwezi, kwa sababu "up" imeshagandana na "run", wamekuwa kitenzi kimoja.

REHEMA: Swali la mwisho, la mama mmoja anayeomba viza. Fomu ni "fill in" au "fill out"? Mwanawe amemwambia moja ni kosa.

KIBWANA: Mama, mwambie mwanao hakuna kosa hapo. Uingereza wamezoea "fill in", Marekani "fill out". Ila hata kwa Wamarekani hao hao, kisanduku kimoja ndani ya fomu ni "fill in" tu, kwa mfano jina lako. "Fill out" ni ya fomu nzima.

REHEMA: Na "fill up"?

KIBWANA: Hiyo ni ya kituo cha mafuta. Tukutane wiki ijayo, tuna maswali matatu ya "get" yanasubiri.