Nani alibaki kwenye treni za New York wakati wa korona? Angalia mitaa ilivyojengwa

Haya wadau, habari zenu, wa Kampala, Jinja, Arua, popote mnaponicheki karibuni tena. Leo naongea na nyinyi nikiwa Queens, hapa New York, na nataka tuongelee treni za chini ya ardhi wakati wa korona, maana hili linatuhusu sana na sisi huko nyumbani Uganda.

Kabla ya korona hizi treni zilikuwa na safari za abiria zaidi ya milioni 5 kila siku ya kazi, halafu Aprili 2020 abiria wakapungua zaidi ya asilimia 90. Ukisikia hivyo unadhani stesheni zote zilibaki tupu, hapana jamani. Zilizokufa ni za sehemu za maofisi za Manhattan, kama Grand Central na Wall Street, kwa sababu kule juu ni maghorofa ya maofisi tu, na mtu wa ofisi akiambiwa fanyia kazi nyumbani anafungua laptopu maisha yanaendelea. Lakini njoo huku laini namba 7, hii inapita juu ya Roosevelt Avenue, chini ya reli kuna duka la dawa, bucha, wauza matunda, juu ya maduka watu wamebanana kwenye vyumba, na hospitali ya Elmhurst iko hapo karibu, ile iliyozidiwa na wagonjwa Machi 2020 dunia nzima ikaona. Wanaoishi hapa ndio wanaosafisha maofisi, wanaopika, wanaouguza wazee, watabakije nyumbani? Kwa hiyo alfajiri unakuta watu wamesimama na mabuti ya ujenzi, yunifomu za manesi, barakoa hadi machoni, na treni zenyewe zimepunguzwa maana wafanyakazi wake nao wanaumwa, basi ile moja ikifika mnabanana humo humo na ugonjwa. Kuanzia Mei 6 wakafunga treni pia saa saba usiku mpaka saa kumi na moja ili wasafishe, wa zamu ya usiku wakahamia mabasi, na hiyo iliendelea hadi Mei 2021! Iliniuma sana.

Sasa Kampala. Machi 2020 Museveni alisimamisha taksi, yaani zile basi ndogo za abiria, na boda kubeba abiria, watu wakapiga miguu kutoka pembeni ya mji, Nansana, Kireka, Kajjansi, na mama zetu wa masoko wakaambiwa walale sokoni. Wengi wanalaumu lockdown peke yake. Mimi nasema tuiangalie na ramani ya mji, tumerundika kila kitu katikati, maduka ya Kikuubo, soko la Nakasero, maofisi, hata hospitali ya Mulago haiko mbali, na taksi nyingi zinaishia kwenye paki, yaani stendi za taksi za mjini. Juni ziliporudi zikabeba nusu ya watu na nauli ikapanda.

Na sasa hivi Wakiso na Mukono, wilaya za jirani na Kampala, nyumba zinaota kila siku, ploti baada ya ploti, soko hakuna, kliniki hakuna. Wanaogawa ploti waulizwe hayo leo, kabla ugonjwa mwingine haujaja.

Aliyetembea 2020 aniandikie hapo chini, ulitoka wapi ukaenda wapi, video ijayo nataka nichore hizo njia kwenye ramani.