Kuandaa Pikipiki ya Safari Ndefu kwa Mtu Mmoja

Ndugu zangu, karibuni. Anayetoka hapa Dodoma peke yake kwenda Iringa kwa njia ya Mtera, au kupanda Kondoa hadi Babati, hana wa kumshikia pikipiki wala wa kumsukuma. Kabla hujafunga kitu chochote jiulize: ikilala, nitaiinua mwenyewe?

Jaribu nyumbani, mzigo ukiwa umefungwa wote. Ilaze taratibu juu ya godoro kuukuu, zima, ingiza gia isiserereke. Ikiwa imelalia kulia, toa stendi ya pembeni kwanza, ili ukiinyanyua kwa nguvu na kupitiliza iikute stendi. Pinda usukani hadi mwisho, kipe kiti mgongo, shika mshikio wa chini kwa mkono mmoja na fremu kwa mwingine, kisha sukuma kwa miguu, si kwa kiuno. Isiponyanyuka, punguza mzigo.

Kiti cha abiria kiko wazi, kwa hiyo begi kubwa likae pale, mbele ya ekseli ya nyuma. Wengi hukiacha kitupu na kujaza sanduku la kwenye keria. Kosa. Uzito ulio nyuma ya ekseli hulipunguzia tairi la mbele uzito wake. Ukifika kilomita 90 kwa saa na upepo wa ubavu kwenye nyanda za Bahi, usukani unaanza kucheza. Sanduku hilo libebe koti la mvua na mkate, basi. Maji lita 5, spana na tyubu vikae chini, kwenye masanduku ya pembeni, kulia na kushoto vikikaribiana uzito. Na mikia ya mikanda ifungwe: mmoja ukinaswa na cheni, gurudumu la nyuma linajifunga ghafla.

Sasa springi, jambo ambalo mafundi wengi hulipita haraka. Inua gurudumu la nyuma hewani. Pima wima kutoka ekseli hadi alama uliyobandika kwenye fremu. Tuseme umepata milimita 620. Ishushe, panda na mavazi yote ya safari, mzigo ukiwepo, mtu apime tena: 535. Imeshuka 85. Kama gurudumu lina mwendo wa kupanda na kushuka wa milimita 200, kushuka karibu theluthi moja, yaani 60 hadi 65, kunatosha. Ikizidi hapo, taa ya mbele inamulika juu ya miti na tairi la mbele linapoteza mshiko kwenye kona. Kaza nati ya springi, pima upya. Kukaza hakuifanyi springi kuwa ngumu zaidi, kunainua kimo tu. Ukifika mwisho na bado inazama, tafuta springi ngumu zaidi au acha baadhi ya vitu nyumbani. Kinyume chake, iliyokazwa kwa ajili ya watu wawili itakurusha kwenye kila tuta.

Cheni irekebishwe baada ya hapo, kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki yako. Hubana kuliko kawaida pale sproketi ya mbele, egemeo la mkono wa nyuma (chuma kinachoshika gurudumu la nyuma) na ekseli vinapokuwa kwenye mstari mmoja. Ikikosa ulegevu hapo, inakula beringi za giaboksi.

Kuhusu pancha, miiba ya migunga huku kwetu haina huruma. Ukibeba tyubu moja tu ya akiba, iwe ya mbele ya inchi 21. Kwa dharura inaingia hata nyuma kwenye rimu ya 18. Kabla ya kuirudisha, pitisha kitambaa ndani ya tairi, si vidole, hadi uupate mwiba. Nati ya valvu usiikaze kwenye rimu, irudishe hadi kwenye kifuniko: tairi likiteleza utaiona valvu imeinama kabla haijang'oka.

Kebo ya klachi ya akiba haikai begini. Ipitishe sambamba na iliyopo, ncha zikiwa zimezibwa kwa utepe dhidi ya vumbi. Iliyopo ikikatika, unahamisha ncha mbili, unarekebisha ulegevu, unaondoka.