Betri haipimwi ikiwa imelala: umeme na redio katika vifaa tiba vya mkononi

Mhadhara kwa mafundi wa vifaa tiba, wauguzi na wanafunzi, Moshi

Shikamooni wakubwa zangu. Wenzangu, habari za asubuhi. Tukae, tuanze moja kwa moja na hiki kilichopo mezani.

Hii ni sensa ya joto, yaani kihisi, ile ya kubandikwa kwapani kwa mtoto mchanga, inayotuma vipimo kwenye simu kwa Bluetooth. Chukulia wodi imeirudisha karakana na karatasi imeandikwa "imekufa". Fundi anaitoa betri, anaipima kwa maltimita, kile kipima umeme cha mkononi, anapata volti 2.9. Betri yenyewe ni CR2032, ile bapa ya duara ambayo wengi wetu tunaiita betri ya saa, na ni ya volti 3. Basi fundi anaamua: betri nzima, kifaa kibovu. Sensa inaishia kwenye boksi la chakavu, na mtoto wa kesho anakosa kifaa. Sensa ilikuwa nzima. Kilichokosewa ni namna ya kupima.

Kifaa cha aina hii muda wake mwingi kimelala. Kikiwa kimelala kinakula mkondo wa maikroampea 2 hivi (maikroampea 1,000 ni miliampea 1). Kikiamka kutuma kipimo, redio inavuta miliampea 8 kwa milisekunde 3, halafu kinalala tena. Kati ya kulala na kusema kuna tofauti ya mara 4,000. Betri nayo ina ukinzani wake wa ndani, yaani kizuizi kinachoshusha volti mkondo unapopita: ikiwa mpya ni ohm 15 hivi, ikichoka unaweza kupita ohm 100. Zidisha. Miliampea 8 kwenye ohm 15 zinashusha volti 0.12, hakuna atakayeona. Miliampea hizohizo kwenye ohm 100 zinashusha volti 0.8. Ile 2.9 inakuwa 2.1 pale pale redio inapofungua mdomo, na kama saketi imepangwa kujizima ikifika karibu na 2, kidogo tu zaidi ya hapo kifaa kinazima, kinawaka upya, kinajaribu tena, kinazima. Kwenye simu huoni kitu. Maltimita haikuonyeshi haya kwa sababu ukinzani wake wa kuingilia ni megaohm 10. Yenyewe haivuti karibu chochote, kwa hiyo inaipima betri ikiwa imelala.

Dawa yake ni rezista, kijenzi kidogo cha kuzuia mkondo, ya ohm 330, ya robo wati, inayouzwa duka lolote la vipuri vya redio. Shika betri kwa kibano cha plastiki, si cha chuma, maana cha chuma kitaunganisha pande mbili za betri. Weka nchani mwa maltimita, soma. Halafu gusisha rezista kwenye pande hizohizo huku maltimita ikiwa bado imeshika, uhesabu sekunde 5. Sasa betri inatoa karibu miliampea 9, kama ambavyo redio ingeidai. Betri nzuri inashuka kidogo na kutulia. Ikienda chini ya 2.5, mimi naiondoa, hata kama bila rezista ilikuwa inasoma 2.9. Jambo hili linachukua nusu dakika na linaokoa vifaa vingi kuliko matengenezo yoyote ninayoyajua.

Nisisahau: betri hiyo uliyoiondoa usiiache mezani. Mtoto akimeza betri ya lithiamu yenye upana wa milimita 20 ikakwama kooni, inaweza kuunguza njia ya chakula ndani ya saa 2. Bandika selotepu pande zote mbili, tia kwenye chupa yenye kifuniko. Na isiende kwenye tanuri la kuchomea taka za hospitali; humo italipuka.

Sasa tuone itadumu muda gani, maana muuguzi mkuu atakuuliza. Kila kutuma ni miliampea 8 kwa milisekunde 3, yaani chaji ya maikrokulombi 24. Ukituma mara moja kila sekunde, wastani ni maikroampea 24, ongeza 2 za usingizini, jumla 26. CR2032 ina miliampea-saa 220 hivi. Gawanya: saa 8,460, karibu mwaka mmoja. Ukituma mara 10 kwa sekunde, wastani unapanda hadi maikroampea 242, na betri inaisha ndani ya siku 38. Ukituma mara moja kila sekunde 10, hesabu inakupa zaidi ya miaka 5, ingawa hapo betri itakuwa imeshachoka kwa umri wake tu. Joto la mtoto halibadiliki kila sehemu ya kumi ya sekunde. Anayeweka kasi kubwa kwenye mipangilio ya programu kwa kudhani ni usalama zaidi, anachoma betri bure, na siku betri itakapokatika usiku ndipo usalama utakapopungua.

Hesabu hiyo inadhani kila ujumbe unapokelewa mara ya kwanza. Usipopokelewa, redio inarudia. Kwa hiyo mahali simu ilipowekwa ni sehemu ya umri wa betri, na hapa ndipo wodi zetu zinapotuangusha.

Bluetooth ya nguvu ndogo, iliyoingia na toleo la 4.0 mwaka 2010, inatumia masafa ya megahezi 2,402 hadi 2,480, yaliyogawanywa njia 40. Njia 3 kati ya hizo ndizo kifaa kinazotumia kujitangaza: 2,402, 2,426 na 2,480. Hazikuchaguliwa hovyo. Zimepenyezwa kwenye mianya ya Wi-Fi, ambayo njia zake za 1, 6 na 11 zina vitovu vyake kwenye 2,412, 2,437 na 2,462. Ruta ya wodini ikikaa kwenye mojawapo ya hizo tatu, majirani wanaelewana. Mtu akiipeleka njia ya 3 au ya 4, inaikalia ile 2,426. Njia ya 13 inaifunika 2,480. Mwombe mtu wa TEHAMA akuonyeshe ruta iko njia gani kabla hujalaumu sensa.

Mwili wa binadamu nao ni maji, na maji yanameza masafa haya. Sensa ikiwa kwapa la kushoto na simu iko kulia nyuma ya mgonjwa aliyelala, mawimbi yanapita kwa kudunda ukutani na darini. Weka simu upande uleule wa sensa, juu kidogo ya godoro. Usiiweke juu ya kabati la chuma la pembeni ya kitanda, wala ndani ya droo yake. Urefu wa wimbi hapa ni sentimita 12.5, antena ya sensa ni ndogo sana, na bati lililo karibu nayo linaivuruga. Wanaotengeneza vifaa vya kupandikizwa mwilini walilijua hilo mapema. Ndiyo maana vifaa vingi vya kuratibu mapigo ya moyo vinazungumza kwenye megahezi 402 hadi 405, ambako mwili hauzuii sana, tena kwa nguvu isiyozidi maikrowati 25.

Na kwa kuwa tumegusa vifaa hivyo: kile cha kwanza kabisa kupandikizwa, Stockholm, tarehe 8 Oktoba 1958, kilichotengenezwa na Rune Elmqvist na kupandikizwa na Åke Senning kwa mgonjwa Arne Larsson, kilikuwa na betri ya nikeli-kadimiamu iliyochajiwa kwa koili kutoka nje ya ngozi. Kuchaji bila waya kulikuwapo tangu siku ya kwanza. Kifaa kile kilidumu saa chache tu. Kilichofanya vifaa hivi vidumu miaka ndani ya mwili ni betri ya lithiamu na iodini iliyoanza kupandikizwa mwaka 1972. Larsson mwenyewe, kwa kubadilishiwa vifaa mara nyingi, aliishi hadi 2001.

Turudi kwetu, kwenye baridi na joto. Moshi tuna vyote viwili kwa siku moja ya safari. Waongoza watalii wanaopanda kutoka Marangu au Machame hubeba oksimita za kidoleni, zile za kupima oksijeni ya damu, na nyingi zinatumia betri mbili za AAA. Betri za alkali zikifika kwenye baridi ya usiku wa Kibo, mita 4,700 na zaidi, ukinzani wake wa ndani unapanda na kioo kinazima wakati mtu anayekohoa anahitaji kupimwa. Tumieni AAA za lithiamu zisizochajika, za volti 1.5, hizo zinafanya kazi hata chini ya nyuzi 20 za baridi. Au wekeni oksimita mfuko wa ndani ya shati, si mfuko wa nje wa begi. Na kidole chenyewe kipasheni moto kwanza, kwa sababu damu isipofika kidoleni betri mpya haitasaidia. Namba ya chini huko juu mara nyingi ni ya kweli. Msiilaumu betri kisha mkaendelea kupanda.

Vifaa vya betri ya lithiamu-ioni inayochajika vina sharti moja zaidi: visichajiwe chini ya nyuzi 0. Vitatumika, kwa uwezo uliopungua, lakini ukivichomeka kwenye pawabenki alfajiri ndani ya hema lenye barafu, lithiamu inajiganda kama chuma kwenye upande hasi, na siku nyingine, huku chini kwenye joto, inaweza kusababisha shoti ndani ya seli. Chaji mchana, kifaa kikiwa vuguvugu mkononi.

Joto ni adui wa polepole. Boksi jeusi nyuma ya bodaboda kwenye jua la Januari, kutoka mjini hadi zahanati, linazeesha betri hata ikiwa haitumiki, na linazeesha zaidi ile iliyojaa. Kifaa cha akiba kikae stoo yenye ubaridi na chaji ya karibu nusu.

Ukibadilisha seli za lithiamu-ioni, jihadhari na namba zilizochapwa. Seli ya 18650, upana milimita 18 na urefu 65, inatoa kama miliampea-saa 3,500 kwa zile bora za kawaida. Ukiona imeandikwa 9,900, ni uongo, wala usibishane na muuzaji. Beba mizani ndogo: seli halisi ina gramu 45 hadi 48, na nyingi za bandia ni nyepesi waziwazi. Halafu ipime kazini. Ijaze hadi volti 4.2, ivute nusu ampea hadi ishuke volti 3.0, hesabu saa. Seli ya 2,500 lazima ikupe saa 5. Ikikupa 2, umejua.

Monita nyingi za wodini bado zina betri ya asidi ya volti 12, ampea-saa 2.3. Hizi zinakufa kwa kusahaulika: zikikaa stoo bila chaji, salfeti inaganda kwenye sahani zake za ndani. Zichajiwe kila miezi 3, na ikisoma chini ya 12.4 bila mzigo, isisubiri.

Kuna kosa jingine linalotokana na betri ambalo halionekani kama la betri. Ukitoa betri kwenye mita ya sukari, mita nyingi zinapoteza saa na tarehe. Mgonjwa anaweka betri mpya, anapima, mita inatuma kwenye simu kipimo cha leo kikiwa na tarehe ya miaka iliyopita, na programu inakipanga huko nyuma kabisa. Daktari anafungua grafu, haoni vipimo vya wiki nzima, au anaona vya asubuhi vimekaa usiku, kisha anabadilisha dozi ya insulini kwa kutazama hivyo. Kwa hiyo utaratibu ni huu: badilisha betri, weka saa na tarehe kabla ya kugusa kitepe cha kupimia damu, unganisha na simu, pima kwa kimiminika cha kuhakiki, thibitisha kwamba kipimo kimetokea kwenye simu na saa sahihi. Mfundisheni mgonjwa hilo siku anapopewa mita, na msisubiri betri iishe.

Kuna swali limetoka nyuma, la muuguzi: je, kifaa cha USB kilichounganishwa na mgonjwa kinaweza kuchajiwa kwa chaja ya simu? Dada yangu, hapana, na nitakuonyesha kwa namba. Ndani ya chaja nyingi za simu kuna kapasita ndogo, kijenzi kinachohifadhi chaji, inayounganisha upande wa umeme wa TANESCO na upande wa USB. Ikiwa ni nanofaradi 2.2, kwa volti 230 na hezi 50, mkondo unaovuja unaweza kufika maikroampea 160. Kile kiwasho unachokisikia ukigusa simu ya chuma ikiwa inachajiwa ndicho hicho. Kwa afya yako si kitu. Lakini geuza kifaa tiba utazame alama: mtu ndani ya mraba, kikomo cha mkondo wa kumfikia mgonjwa katika hali ya kawaida ni maikroampea 100, moyo ndani ya mraba, kikomo ni 10. Chaja hiyo imeshapita vyote viwili, na hapo ni chaja halali. Ya bandia inaweza kuwa na kapasita ya kawaida ambayo siku ikipasuka inapitisha volti 230 zote hadi kwenye elektrodi zilizo mwilini mwa mgonjwa.

Tumia chaja iliyokuja na kifaa. Ikiwa imepotea, agiza nyingine kwa namba yake ya mfano. Na hadi ifike, kifaa kitolewe mwilini kwanza, kichajiwe kwenye meza ya wauguzi, kirudi kwa mgonjwa kikiwa hakina waya. Kama wodi ina sensa mbili, andikeni A na B kwa kalamu ya wino usiofutika, moja ikae kwa mgonjwa na nyingine mezani, mbadilishane kila zamu inapopokelewa, saa 1 asubuhi na saa 1 jioni.