Nairobi mpaka New York: kwenda masaa 15, kurudi 14, na njia ni ileile

Haya jamani tuanze, mlioko nyuma sogeeni huku mbele viti vipo. Mimi nimekatia watu tiketi miaka mingi, na swali ninaloulizwa sana ukiacha bei ni "ndege inachukua masaa mangapi?" Na mtu anapiga hesabu ya basi, anachukua kilomita anagawa kwa spidi, kamaliza.

Chukua Dar na Zanzibar. Uwanja kwa uwanja ni kama kilomita 73, jeti ya kilomita 800 kwa saa ingefika kwa dakika 5 na nusu, lakini nyie wote mnajua ni kama dakika 20, maana ndege haijamaliza kupanda inaanza kushuka, ile spidi yake kubwa haiipati kabisa. Alafu muda wa kwenye ratiba unaanza pale ndege inaposogea kwenye maegesho, sio inapoacha ardhi, kwaiyo ile foleni ya kuingia runwei nayo imo.

Sasa twende mbali. Oktoba 2018 Kenya Airways walianza kwenda New York moja kwa moja, ni karibu kilomita 11,840. Huu mpira wa dunia nimeununua Kariakoo jana, shika uzi hapo Nairobi, vuta mpaka New York, kaza. Mnaona? Kwenye ramani ya ukutani ungepiga rula ungepita Congo, Nigeria, Mali. Uzi umekataa, umepanda Sahara, ukatokea Morocco, ukavuka Atlantiki na umepita kaskazini kidogo kuliko New York yenyewe ndo ukashuka. Hiyo ndo njia fupi, ingawa rubani naye anaikunjakunja kidogo kukwepa anga mbaya.

Gawa hizo kilomita kwa spidi ya 900 kwa saa unapata masaa 13 na kitu. Lakini kwenda ni kama 15, kurudi 14! Kupanda, kushuka na ile foleni vimo, ila tofauti ya kwenda na kurudi inaletwa na upepo. Huko juu, kwenye kilomita 10 hivi, kuna mto wa upepo unaotoka magharibi kwenda mashariki, mara nyingi unazidi kilomita 100 kwa saa na siku nyingine hata 300. Ukienda Marekani unakupiga usoni, ukirudi unakusukuma mgongoni, injini ni zilezile na wewe umekaa kiti kilekile umekunja magoti.

Kuna mama mmoja mtu mzima alinipigia kwa hasira, mwanangu mbona unanitisha na masaa 15, mimi tiketi inaonyesha natoka saa 5 usiku nafika saa 12 asubuhi, si masaa 7 hayo? Nikamwambia mama, hizo ni saa mbili tofauti, ya kuondokea ni ya Nairobi na ya kufikia ni ya New York, na msimu wa baridi wao wako nyuma yetu masaa 8, jumlisha. Akanyamaza kidogo, akauliza, kwaiyo hayo 8 nikirudi wananikata? Nikamwambia ndio mama, tuseme umepanda saa 7 mchana, unashuka Nairobi kesho yake saa 5 asubuhi, kwa macho ni masaa 22, na kwenye ndege umekaa 14. Akasema basi atafunga chakula cha 22.