Mtaalamu Akisema Ndiyo, Goti Likisema Hapana

Habari za jioni, ndugu zangu. Kama walio nyuma wananisikia, tuanze.

Ukitaka kununua kifaa cha baiskeli, washauri hawakosekani: fundi wa mtaani, muuza duka, kocha, kiwanda chenyewe. Wote wana ujuzi wao na bado wanapingana, mara nyingi kwa sababu kila mmoja anajibu swali la mpandaji mwingine. Kwa hiyo kabla ya kubishana na mtaalamu, muulize: hiki kilipimwa kwa mtu wa uzito gani, barabara gani, mzigo gani? Na kilichopimwa ni kasi, uimara au starehe?

Chukueni tairi, maana hapo wataalamu wenyewe waligeuka. Kwa miaka mingi wanamashindano waliambiwa kwamba tairi jembamba la milimita 23, likijazwa upepo hadi psi 110 au 120 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo ndani ya tairi), ndilo lenye kasi. Hawakubuni. Ukilizungusha tairi juu ya pipa laini la chuma maabara, kadiri unavyozidisha upepo ndivyo raba inavyobonyea kidogo na nguvu inayopotea inavyopungua. Tatizo ni kwamba barabara si pipa. Kwenye lami ya kokoto tairi gumu linarukaruka, na mtikisiko unapanda kwenye fremu mpaka kwenye misuli ya mpandaji, ambako nguvu yake inaishia bure. Leo kwenye Tour de France milimita 28 na 30 ni kawaida, na kwenye Paris–Roubaix, mashindano ya Ufaransa yanayopita barabara za mawe, wapo wanaofika 32 na kuzidi.

Basi sote tukanunue la 32? Taratibu. Tazama kwanza nafasi kati ya tairi na fremu: ibaki walau milimita 4 kila upande, la sivyo tope la masika litajaa pale na kukwangua rangi. Kisha upepo. Mtu wa kilo 75 mwenye tairi la 32 la tyubu anaweza kuanza na psi 55 nyuma na 50 mbele, kwa kuwa gurudumu la nyuma ndilo hubeba zaidi. Punguza psi 3 kila mara, ukipita njia ileile. Ukisikia rimu inagonga ukingo wa shimo, umepitiliza. Pancha yake haijifichi: matundu mawili madogo yaliyokaa sambamba kwenye tyubu, wakati mwiba huacha moja. Anayebeba magunia ya mkaa kwenye keria asiguse namba zangu hizi. Mzigo wake karibu wote uko nyuma, ajaze kukaribia kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Rimu ikiwa na kiwango chake, fuateni kilicho kidogo.

Kwenye tandiko, mtaalamu anaanza na mwili wako unamaliza. Simama peku ukiegemea ukuta, bana kitabu katikati ya mapaja mpaka juu kabisa, pima kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu, kisha zidisha kwa 0.883. Mguu wa sentimita 80 unatoa 70.6, kutoka kitovu cha kranki (mkono unaoshika pedali), pale inapozungukia, hadi juu ya tandiko. Kanuni hiyo haijui unene wa soli yako wala urefu wa kranki, kwa hiyo ichukulieni kama mahali pa kuanzia. Nyonga zikiyumba huku na huku, tandiko liko juu mno. Goti likiuma mbele, kwa kawaida liko chini. Likiuma nyuma, liko juu. Sogeza milimita 3 hadi 5, basi.

Upana je? Kalia kipande cha kadibodi juu ya benchi gumu, pima kati ya vitovu vya mabonde mawili yaliyoachwa na mifupa ya makalio, ongeza kama milimita 20. Anayekaa wima aongeze zaidi. Sponji nene huwadanganya wengi dukani: dakika kumi ni raha, lakini mifupa ikizama, sponji inabana nyama laini za katikati. Na ganzi msiizoee. Ni dalili kwamba mishipa inabanwa.

Kuna mahali ambapo “mimi napenda hivi” haina nafasi. Alama ya mwisho kwenye bomba la tandiko, ile inayoonyesha kikomo cha kulivuta juu, isionekane nje ya fremu, hata kama miguu yako ni mirefu. Bomba likivunjika unakaa juu ya kilichobaki. Cheni nayo ina kipimo: ikiwa mpya, pini 24 mbele ya ile ya kwanza ni inchi 12 kamili. Ikizidi kwa 1/16 ya inchi, badilisha. Ukingoja ifike 1/8, utanunua na sproketi, yaani gia zenye meno zinazoshika cheni.

Kabla hujalegeza nati yoyote, zungushia utepe mahali bomba lilipo sasa, na ubadilishe kitu kimoja tu kwa wakati. Ukibadili tandiko, tairi na usukani siku moja, maumivu yakija hutajua umlaumu nani. Rula na kadibodi viko hapa mezani. Anayetaka kupimwa apite mbele wakati wa maswali.